Kadi ya Nyanjige Bujiku

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimechoka. Wiki haijaanza, mimi tayari nimechoka.

Bwana Januarius, mkuu wa chumba chetu cha tiba ya viungo, katuita asubuhi mimi na Felisita. Kasema barua imekuja: wasaidizi wawili ni wengi mno, abaki mmoja. Mwingine apunguzwe. Kupunguzwa! Utadhani sisi chumvi kwenye mboga. Ijumaa anakuja mkaguzi, Bibi Mektilda. Kila mmoja atapima mgonjwa mmoja mbele yake. Atakayepima vizuri ndiye atakayebaki.

Mimi nina miaka kumi na minne humu. Felisita ana miwili. Lakini Felisita anatembea na futi ya kamba shingoni na rula ya kupimia pembe mfukoni, na maswali yake kwa mgonjwa utadhani watu wanaulizia ukoo wa mchumba. Ulianguka wapi? Ulitanguliza mguu gani? Usiku panauma? Halafu anaanza na mguu mzima! Mtu kaja na goti la kulia, yeye anashika la kushoto. Januarius anamsifu. Anasema hiyo ndiyo kazi: uliza, tazama, ndipo ushike, tena uanze na upande usiouma ili ujue wa kawaida ukoje. Mimi nashika tu. Mgonjwa anapopiga yowe ndipo penye ugonjwa. Nusu dakika, kazi kwisha.

Jioni nimemweleza mke wangu. Esteria kauliza watoto watatu watakula nini. Nikasema tutalima pamba, siku hizi wanunuzi wengi, ruksa kila kitu. Kacheka vibaya sana. Kisha kanikumbusha mama yake kule Dutwa, mguu bado umevimba, wiki ya nne sasa. Nikasema aendelee na maji ya moto na akandwe kwa nguvu. Kasema si uende ukamwone? Mimi? Nikatazame mguu wa mkwe? Mwanamke huyu anataka kuniua kwa aibu.

Jumatano, 3 Julai 1996

Nimeficha rula ya Felisita juu ya kabati la bandeji. Nikakaa nimwone atakavyohangaika.

Hakuhangaika. Kachukua jalada la daftari, kalikunja, kakata pembe, kapima kiwiko cha mtu kwa hilo hilo. Januarius kaja kuona. Kaita na wanafunzi wa uuguzi waje waone. Kasema huo ndio ubunifu unaotakiwa wakati huu wa mageuzi. Ningejua ningemwachia rula yake.

Alhamisi, 4 Julai 1996

Mungu si Athumani!

Januarius kaacha kadi za kesho mezani, kila moja imebanwa kikaratasi chenye jina la mpimaji. Yangu: mzee Luhende, bega. Bega! Hakuna kiungo kisumbufu kama bega. Linakwenda mbele, nyuma, juu, pembeni, na kila mwendo una kipimo chake. Ya Felisita: Nyanjige Bujiku, mama mtu mzima, kifundo cha mguu. Kifundo hata fundi baiskeli anaweza.

Nimehamisha vikaratasi. Dakika moja, hakuna aliyeniona. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Esteria kauliza kuna nini. Nikasema kesho utajua mumeo ni nani. Kaguna. Naona naye ana jambo anafichaficha, lakini sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Ijumaa, 5 Julai 1996

Sijui nianzie wapi.

Bibi Mektilda ni mama wa Kihaya, mpole, daftari kalipakata. Kaanza na Felisita, Januarius bado yuko wodini. Mzee Luhende alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mkono haupandi. Felisita akauliza weee. Akapima bega zima. Akapima bovu. Dakika arobaini! Mimi nikasinzia kwa raha zangu.

Zamu yangu. Nikavuta pazia kwa mbwembwe, nikasema mwangaluka mayu, kama tunavyosalimia mama zetu wa Kisukuma asubuhi. Mayu akainua uso.

Mama yake Esteria! Mkwe wangu! Kakaa kitandani, gauni limepandishwa mpaka gotini, mguu umevimba. Kapiga yowe, kajifunika kanga usoni, kageukia ukutani. Mimi nikatoka kinyumenyume nikaangusha ndoo. Miaka kumi na mmoja namkwepa mama huyu. Akija njia hii, mimi nashika ile. Sijawahi kumwona akila. Na jina lake, nani aliwahi kuniambia? Mkwe hatajwi. Kwangu ni Mama Esteria, basi. Ningejuaje kwamba Nyanjige Bujiku ndiye yeye?

Bibi Mektilda kauliza kulikoni. Nikasema ni mkwe. Akasema hata kwao Bukoba wakwe wapo na wanapimwa. Ikabidi Januarius, aliyekuja mbio kwa lile yowe, amweleze kwamba hapa kwetu mkwe wa kike hashikwi na hatazamwi, na kwamba Esteria mwenyewe alimleta mama yake kimyakimya, wakakubaliana apimwe na Felisita. Kisha kanigeukia. Kauliza vikaratasi vilihamaje. Nikasema labda upepo. Vilikuwa vimebanwa kwa pini.

Bibi akaamua: mimi niulize nikiwa nje ya pazia, Felisita ashike kwa niaba yangu. Nikageukia dirisha nikauliza. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne nikauliza, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Ulianguka wapi? Felisita akarudisha jibu: shambani, kabeba furushi la pamba, mguu ukaingia shimoni. Lini? Wiki ya nne hii. Siku ile uliweza kukanyaga? Hapana, hata hatua moja. Nikamsikia Bibi Mektilda akisema vizuri sana, na kalamu inakwaruza. Kichwa kikanivimba. Nikauliza kwa sauti nzito: na ni mjinga gani aliyekuacha nyumbani mwezi mzima bila eksirei?

Felisita akajibu polepole, kama mtu anayeomba radhi: mama anasema ni mkwe wake, yule wa hospitali, ndiye aliyeagiza maji ya moto na kukandwa kwa nguvu. Kalamu ikaacha kukwaruza.

Felisita akashika mguu mzima kwanza, kisha mbovu. Akabonyeza mfupa. Mama akalia. Sijawahi kumsikia mama yule akilia. Nilisimama pale dirishani nikitazama baiskeli za watu, nikajisikia mtu mbaya kabisa. Eksirei imesema mfupa umevunjika na umeanza kuunga upande. Wangeendelea kumkanda angekuwa kilema. Wameurudisha, wamemfunga hogo la plasta, jeupe kutoka vidoleni mpaka gotini.

Jumamosi, 6 Julai 1996

Felisita anabaki. Mimi mwisho wangu tarehe thelathini na moja Agosti.

Hayo madogo. Mama anatakiwa akae karibu na hospitali wiki sita. Esteria kaamua: atakaa kwetu. Nikasema nyumba ina vyumba viwili, mimi na mkwe tutalalaje chini ya paa moja? Kasema yeye ameshalifikiria hilo. Godoro langu liko jikoni, kile kibanda cha nje. Kuku wamekubali.

Jumatatu, 15 Julai 1996

Mgongo unauma. Hakuna wa kuupima.

Nikitaka shati nakohoa mara tatu mlangoni, watoto wanapiga kelele baba anapita, mama anajifunika, mimi napita nimeangalia dari kama kipofu. Jana nimejigonga kwenye magongo yake. Felisita huja kila jioni akitoka kazini. Anatazama vidole, anamfundisha kutembelea magongo, hapokei hata ndizi.

Nimepata wazo. Siku hizi watu binafsi wanaruhusiwa kutibu. Nimeokota ubao, nimeandika DAKTARI BINGWA WA MIFUPA, rangi nyekundu. Nimerudi kutoka kazini nakuta Esteria kaulaza juu ya mawe, kaanika dagaa wa Kalemela. Kasema hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya maana.

Jumanne, 20 Agosti 1996

Hogo limetolewa jana. Leo jioni Felisita kaja, mimi nimekaa jikoni, sikio kwenye upenyo. Nimesikia yote. Kamuuliza mama kwanza. Kaanza na mguu mzima. Kisha kasema mayu, simama. Nikasikia hatua. Moja. Mbili. Ya tatu, watoto wakapiga makofi, Esteria akapiga vigelegele, mama anacheka huku analia, anasema kwa Kisukuma kwamba binti huyu Mungu kampa mikono. Nyumba nzima imemwona akitembea isipokuwa mimi. Machozi yamenitoka, na wala sikuwa nimewasha moto.

Akiondoka, Felisita kapita jikoni. Kasema kaka Marcelo, una siku kumi na moja bado, ukitaka nitakufundisha kupima vizuri, polepole, ukatafute kazi kwingine. Kasema maswali yangu siku ile yalikuwa mazuri, ukiacha lile la mwisho. Nimemshukuru kwa moyo wote. Ni binti mwema, haki ya Mungu.

Lakini alipoondoka nimekaa nikawaza. Mtumishi wa hospitali, kila jioni, anatibu watu majumbani. Bila kibali! Akiondolewa yeye, nafasi atabaki nayo nani? Nimemwandikia barua Mganga Mfawidhi. Jina sijaweka, mimi si mtoto. Nimeomba waje wamkamate papo hapo, kesho saa kumi na moja jioni, mgonjwa akiwa mikononi. Nyumba nimewaelekeza vizuri: nyuma ya ghala la pamba, mlango wa bluu. Na wakipotea waulize tu kwa Marcelo, kila mtu anapajua.