Darubini ya Shule na Nguo ya Mama Mkwe

Jamani, leo uso wangu nitauweka wapi?

Mnajua nafundisha fizikia hapa Nanyala. Shule ina darubini moja, na nimebembeleza mwaka mzima nikae nayo nyumbani. Mkuu wa shule akakubali kwa sharti: atakuja kuikagua. Akikuta kioo kimeingia unyevu, inarudi stoo, kufuli, basi.

Siku zote inalala sebuleni. Sasa juzi mama mkwe kaja kutoka Ileje, na sebuleni ndiko analala. Kwetu mama mkwe humwangalii usoni, sembuse kuingia alikolala! Hata salamu zake zinapitia kwa mke wangu Neema. Jana nikachelewa kuiingiza darubini. Kwenda mlangoni, mama kashafunga, kalala. Ikabidi chombo kilale uani.

Na baridi ya huku mwezi huu ni balaa. Ukiamka umande umeganda, majani meupe. Nailoni peke yake haifai, inatoa jasho kwa ndani (hilo nilijifunza kwa machungu). Inatakiwa nguo nzito kwanza, nailoni juu. Nikapapasa kwenye kamba ya nguo gizani, nikapata kitu kizito, laini. Nikajua ni blanketi la mtoto. Nikazungushia, nikafunga vizuri, nikaenda kulala (mtaalamu!).

Saa moja asubuhi, hodi! Mkuu wa shule. 

Nailoni ilikuwa na barafu juu. Mkuu akatikisa kichwa. Akafungua mwenyewe, akachungulia kioo kwa tochi ya simu. Kikavu! Safi kabisa! Nikashusha pumzi niliyoibana tangu getini.

"Hongera, mwalimu. Kumbe siri ni hiki kitambaa, eeh?"

Akakiinua kukikung'uta. Kikafunguka chote. Chekundu. Mpira kiunoni. Lesi chini.

Gagulo! Na Neema havai magagulo.

"Mwalimu, hii si..."

"Ni kifaa cha kuzuia umande, mkuu," nikasema (mdomo ulijisemea wenyewe).

Mlango wa sebuleni ukafunguka. Nikageukia ukutani haraka, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu kabisa:

"Neema, muulize mwenzio, chombo chake kimeshapata joto? Mimi huku miguu inaganda."

Mkuu akaliachia gagulo kama limemuunguza. Neema, aliyetoka jikoni kusikiliza, kakaa chini kabisa, anacheka mpaka machozi. Hakuna wa kunitetea! Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Neema, mwombe mama anisamehe," nikauambia ukuta.

 Mama mwenyewe akaangua kicheko! Yule mama sijawahi kumsikia akicheka tangu nioe.

"Mwambie yameisha. Ila leo chombo chake kilale sebuleni, mimi nitahamia kwa watoto. Sikuja na gagulo la pili."

Eeh Mungu, asante! Nimepona. Darubini imebaki kwangu, kioo kizima, mkwe hana kinyongo.

Mkuu naye kaondoka ameridhika, kaniachia na kazi: nimwandikie orodha ya vifaa vya kutunzia darubini, ataibandika ofisini. Sasa msinicheke, nisaidieni. Namba moja naandika nini?