Maiki Bubu

"Heloo, heloo! Moja, mbili! Heloo!"

Sauti ilitoka nyuma ya foleni ya malori pale Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, na Ezron akasimamisha kikombe cha chai kabla hakijafika mdomoni. Hakumwona mwenye sauti. Hakuhitaji kumwona. Yule mtu alipiga heloo kwa koo tupu, bila spika hata moja kumsaidia, na kila heloo ilikuwa na hasira kuliko iliyotangulia. Ezron aliijua sauti ya namna hiyo: ni ya mtu aliyebakiza dakika tano auze kitu kwa hasara.

Akaacha chai, akazunguka lori.

Alimkuta Mzambia mmoja, mpiga muziki ambaye bendi yake ilikuwa imesambaratika. Alikuwa ameazima amplifaya ya muuza dawa ya panya na kuchomeka maiki nono ya rangi ya fedha. Maiki ya muuza dawa ilikuwa imetoka kunguruma sasa hivi, kwenye amplifaya hiyo hiyo. Hii ilinyamaza kama shahidi aliyehongwa.

"Imekufa, bwana," Mzambia akasema.

"Pole sana, ba mudala, mzee wangu," Ezron akajibu, kwa huzuni ya mtu aliyefika msibani akiwa tayari ananusa pilau.

Tunduma nzima ilimwita Ezron Prodyuza, ingawa alikuwa hajawahi kurekodi hata kikohozi. Kazi yake kubwa hadi siku hiyo ilikuwa kuuza tiketi za tamasha ambalo mwimbaji wake hakuwa amezaliwa. Lakini alikuwa na jicho. Aliitazama maiki ilivyoning'inia kwa mipira ndani ya kikapu cha chuma, kama bosi kwenye bembea. Akatazama sanduku lake lenye kitambaa chekundu. Akatamka jina lake polepole, kondensa, na hapo akaona ukweli ambao vyuo vikuu havifundishi: kitu kizuri kiasi kile hakina haja ya kufanya kazi.

Aliilipia kwa raba zake mwenyewe, akarudi mjini pekupeku, kifua mbele.

Jumamosi alikuwa kijijini Itaka, kanisani, mbele ya kwaya iliyokuwa ikitamani kurekodi kwa miaka sita.

"Mwalimu Felista," alimwambia kiongozi wa kwaya, "maiki hii inasikia mpaka mawazo."

"Ya nani?"

"Ya yeyote aliye karibu."

"Basi ifunike kidogo. Damiano yupo hapa."

Kwaya ikacheka. Damiano, mpiga gitaa, akatazama dari kama mtu anayehesabu misumari.

"Inatumia betri?" Felista akauliza.

"Betri ni za maiki za kishamba, dada yangu. Hii inajitegemea."

Felista akainama, akatazama pini tatu zilizokuwa kitakoni mwa ile maiki. Akainuka. "Tuijaribu basi."

"Leo? Thubutu! Imetoka kwenye baridi ya Ulaya, inaingia kwenye joto. Ipumzike siku tatu. Ukiiharakisha ikafa, mimi simo."

Bei yake ilikuwa gunia la kahawa, na gunia lilikuwa moja tu. Mzee Osea, mwenyekiti wa kwaya, akamvuta Felista pembeni. "Mwanangu, hili ndilo shamba letu la mwaka mzima. Tumepalilia wenyewe, tumechuma wenyewe. Likienda bure, wimbo wetu tutaurekodia peponi."

"Mpe gunia, baba."

"Kijana hana hata viatu!"

"Mpe upesi, kabla hajapandisha bei."

Ezron akaondoka na gari la kwanza, amekalia gunia, akicheka mpaka kondakta akamwuliza kama anaumwa.

Sasa, kuna jambo ambalo Ezron hakulijua. Felista alifagia studio moja ya Mbeya kwa miaka minne. Sakafu aliifagia kwa mikono, kazi yenyewe akaifagia kwa masikio. Alijua kwamba kondensa hulishwa umeme kupitia waya ule ule unaobeba sauti yake. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya matangazo itakaa kimya mpaka Kiama, si kwa kufa bali kwa njaa. Alipoacha kazi alipewa miksa ndogo kuukuu kama zawadi ya kuaga, na kwenye miksa hiyo palikuwa na kitufe kimoja chekundu cha kupeleka umeme huo.

Alikibonyeza. Akavaa hedifoni. Machozi yakamtoka.

Walitundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha nyuma. Soksi ndefu ya mke wa mchungaji ilitandazwa kwenye duara la waya mbele ya maiki, ili pumzi za "pa" na "ba" zisiipige usoni. Sekela, mwenye sauti ya kwanza, alisimamishwa shibiri moja kutoka pale. Gitaa la Damiano halikuelekezewa maiki kwenye tundu, maana tundu hubweka. Lilielekezewa pale shingo inapokutana na tumbo. Wenye besi walirudishwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi visigino vikagusa mlango.

"Baba Osea, karanga," Felista akasema katikati ya ubeti.

"Zipi?"

"Unazotafuna. Nazisikia."

"Nimeshameza!"

Kikwazo kilikuwa kimoja: umeme. Betri ya gari waliyoitumia ilizimika kila baada ya beti mbili, nao wakasubiri ichajiwe kijiji cha pili. Wimbo mmoja uliwachukua siku tisa.

Wimbo huo ndio uliomkuta Ezron kijiwe cha bodaboda, ukitoka kwenye simu ya dereva. Alisikia vidole vikitembea kwenye nyuzi. Alisikia binti akivuta pumzi kabla ya neno, kana kwamba anataka kumnong'oneza yeye.

"Nani hao?"

"Kwaya ya Itaka, kaka. Wana kondensa. Wanasema kuna mjinga mmoja aliwaachia kwa gunia la kahawa."

Madereva wakacheka. Ezron naye akacheka, kwa sababu kulia hadharani kungeshusha cheo cha Prodyuza.

Kilichomuua kabisa ni Anyelwisye, mwenye ukumbi wa harusi, mtu aliyejiona mwimbaji kila alipoona kioo. Naye alikuwa ameusikia wimbo. "Niletee maiki iliyofanya kazi hii," alitangaza, "uchukue pikipiki yangu, na tangi limejaa."

Ezron hakulala. Asubuhi alivaa koti la kuazima, akapakia kwenye pikapu jenereta lake, mali pekee aliyowahi kuipata kihalali, kwa urithi, akarudi Itaka na uso wa daktari mwenye majibu mabaya.

"Mwalimu Felista, nimekuja kuwaokoa. Kiwanda kimetoa tangazo. Maiki hizi zina mionzi. Inakausha koo. Inaanza na sauti ya kwanza."

Sekela akashika shingo.

"Na gitaa?" Damiano akauliza.

"Gitaa linaoza nyuzi, halafu vidole."

"Mungu wangu," Felista akasema. "Basi tuitupe chooni."

"Chooni hapana!" Ezron aliruka. Akashusha sauti. "Nitaibeba mimi."

"Wewe una mama, mdogo wangu. Atatulaumu."

"Mama yangu anajua kazi yangu ni ya hatari."

"Hapana, dhamiri inanisuta. Kukupa ugonjwa hivi hivi, bure? Angalau ungetuachia kitu, tujue ni biashara na si dhambi. Mathalani lile jenereta."

Ezron akalitazama jenereta. Akaiona pikipiki, tangi limejaa. "Lakini nihakikishe kwanza ndiyo yenyewe," akasema.

Felista akamvalisha hedifoni, akawasha. Ezron akasikia tumbo lake likinguruma kama lori la shaba linalopanda mlima. Akasikia nzi akinawa mikono dirishani. Macho yakamtoka. "Ndiyo yenyewe! Hatari kabisa hii! Nipeni haraka, jenereta lenu hilo!"

Felista akaichomoa, akaiweka kwenye sanduku lake. Kisha, na hapa kila mwenye haki ashuhudie, akamwambia ukweli mtupu: "Chukua na miksa. Hii maiki haiendi bila hiki kisanduku. Tukubaliane bei."

Ezron akaangua kicheko. Yeye, mtoto wa Tunduma, auziwe chuma chakavu juu ya mali aliyokwisha kuipata? "Dada Felista, hiyo michezo nimeianza kabla hujajua kusuka. Baki na kisanduku chako."

"Nimekuambia mbele ya watu."

"Nimesikia mbele ya watu."

Jumapili ukumbi ulijaa wageni wa harusi. Anyelwisye alivaa suti nyeupe, akapanda jukwaani, akachomeka kondensa kwenye amplifaya yake ya harusi, akafumba macho na kupanua kifua. Mdomo ulifunguka. Mishipa ya shingo ilisimama. Mezani kwa wakwe mtu mmoja alisikika akiomba chumvi.

"Prodyuza," Anyelwisye akasema, kwa koo tupu, "hata kuku akitaga hutoa sauti kuliko hiki." Akarudisha ufunguo wa pikipiki mfukoni.

Mtu mwingine angejifunza hapo. Ezron alikaa nje ya ukumbi, akawaza, akapata jibu lililomfaa: maiki ilikuwa hai Itaka, imekufa njiani kwa vumbi la barabara ya Mbozi. Na maiki mfu, nani anayeinunua? Roho ikamrudi. Katika dunia nzima alimjua mnunuzi mmoja tu.

Alipofika Itaka jenereta lilikuwa likinguruma nje ya kanisa, na ndani taa zote zinawaka.

"Kiwanda kimeitibu," alitangaza. "Mionzi imekwisha. Nimewakumbuka ninyi kwanza. Gunia moja la kahawa."

"Gunia halipo, mdogo wangu," Felista akasema. "Kuna jogoo."

"Jogoo!"

"Ni mkubwa."

Ezron akamtazama jogoo, akaitazama maiki mfu, akapiga hesabu ya moyoni: kitu kisicho na thamani yoyote, kwa jogoo mzima. Akakaza uso wa mtu anayeonewa. "Kwa ajili ya Injili tu," akasema, akapokea.

Mzee Osea alijificha nyuma ya blanketi, mabega yakitikisika. Sekela alikuwa amejiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Felista peke yake alibaki mkavu, mikono miwili juu ya sanduku lenye kitambaa chekundu.

"Na maiki wenzake je?" akauliza. "Zikivuka nyingine kama hii pale mpakani?"

Ezron akamkumbatia jogoo wake kwapani, akanyoosha mkono wa kulia juu kama mtu aliye kizimbani, na kwa furaha ambayo aliificha vibaya sana akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Dada Felista, nakuahidi mbele ya kwaya nzima: kila kondensa nitakayoipata, hata ziwe kumi, sitamwonyesha mtu mwingine. Nakuletea wewe kwanza, na bei ni hii hii, jogoo mmoja!"