Kibao cha Marehemu Kisiguswe

Kwako Bwana Afisa wa Vibao,
Ofisi ya Mji.

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua una haraka ya kuharibu.

Nimesikia Ijumaa mnaondoa kibao cha bustanini, USING'OE MAUA, alichokiandika marehemu mume wangu kwa brashi, mweke chenu cha plastiki: USINGOE MAUA. Ile alama ya juu mmeipeleka wapi? Mimi niliishia darasa la tatu na naiona. Wewe una miwani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijana wako wa vibao kaniambia eti mashine haina alama hiyo. Mashine iliyochapa mashavu ya mkubwa wenu kwenye bango, yote mawili, ishindwe na kitu cha ukubwa wa punje ya mchele? Akadanganye wa rika lake.

2. Upande wa pili wa bustani, mlikokwisha kuweka vibao vyenu, jana mama mzima na mkoba wake kavuta waridi na mizizi yake. Nilipomkemea akasema kakatazwa kungoa, na yeye tangu azaliwe hajawahi kungoa. Nikamshikia mkoba atie waridi lake. Mimi!

3. Pale mgahawa wa zimamoto mmeandika UKISIKIA KINGORA TOKA NJE. Kilipolia, mimi na shoga yangu tulibaki ndani na chai yetu, kwa sababu kilicholia kilikuwa king'ora. Moshi uliingia, tukakohoa, lakini maandishi tuliyaheshimu. Tungekufa, makaburini mngetuandika vipi, ninyi msiojua kuandika king'ora?

4. Kwa hiyo kibao cha marehemu kibaki, kwa kuwa ndicho pekee mjini chenye alama. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Vyenu vichomwe, nawe usimame mbele ya chake kila asubuhi mpaka usome.

Nisalimie mkeo, mama yako aliyekusomesha bure, na wakubwa wote wanaotia sahihi bila kusoma. Kijana wa vibao usimsalimie.

Ni mimi bibi yenu,
Mjane wa fundi rangi.

Nyongeza: Nimekuja bustanini kukipangusa kibao ili mkija mkikute safi. Alama imetoka na kitambaa. Ni tope la nyigu. Chini yake rangi tupu. Kumbe mwanamume yule aliandika kama mnavyoandika ninyi. Basi chapeni mpendavyo. Lakini hiki hakiondoki. Nimekaa chini yake, nina mkeka na chupa ya chai, na Ijumaa mtanikuta.