Dosari Moja kwa Ajili ya Marlys

Jumatatu, 13 Januari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Winnipeg imeganda mpaka kope. Sijali, maana leo ndiyo siku yenyewe. Marlys Friesen amekuja kukagua vinyunyizio vya kuzimia moto, vile vya darini!

Dakika arobaini. Hizo ndizo ninazopata kwa mwaka. Amevua glavu kwa meno, kama kawaida yake. Amegonga bomba kwa kidole na kutega sikio. Amefungua koki ya majaribio, maji yakanguruma, mimi nikasoma kipimo cha presha na yeye akaandika. Nimesema "tisini na tano" kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi tangu Krismasi. Hakuinua macho. Mwishowe akasema katika majengo yote anayokagua hajaona safi kama hili langu, halina dosari hata moja, basi ukaguzi mwingine ni Januari ijayo. Akatundika kadi mpya yenye sahihi yake, akaenda.

Januari ijayo!

Halafu dirishani naona nini? Gari lake limeegeshwa kwa Lorne Dyck, ng'ambo ya barabara. Lorne ni msimamizi wa jengo kama mimi, ila hana haya. Vinyunyizio vyake vimejaa utando wa buibui, koki zina kutu, na wapangaji wake wanavitundikia makoti. Kwa hiyo Marlys humrudia mara nne kwa mwaka kukagua upya! Mimi ninayesugua kila kitu kwa mswaki naambulia dakika arobaini.

Nampenda. Haya, nimeandika. Ni mwaka wa nne huu. Mke wangu alipoondoka nilidhani sitangoja tena kusikia hatua za mtu kwenye ngazi. Kumbe.

Jumanne, 14 Januari

Mpango kabambe! Kinyunyizio kikipakwa rangi hakisafishwi. Kanuni inataka king'olewe, kiwekwe kipya. Asubuhi nimepanda ngazi kwenye chumba cha kufulia, nikakipaka kimoja rangi nyeupe. Nikapiga simu kwenye kampuni yao kwa sauti ya msiba, nikasema fundi wa rangi ameteleza mkono.

Saa nane mlango ukagongwa. Nilishajipulizia manukato. Akaingia Darcy.

Darcy ni fundi wao. Ana ndevu na ananuka vitunguu. Akafunga maji, akabadilisha kinyunyizio, dakika kumi na moja tu. Akaniuliza, "Mzee, mbona unanukia hivyo, una harusi?" Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, Marlys yuko wapi. Akasema Marlys ni mkaguzi, hashiki spana. Kisha, huku anatafuna biskuti zangu, akaongeza kwamba Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya Marlys mjini. Anahamia mji wa Brandon kusimamia ofisi yao mpya.

Nilikalia mashine ya kufulia mpaka ikamaliza nguo za watu. Siku tatu! Miaka minne sikumwambia hata kwamba kofia yake inampendeza.

Jumatano, 15 Januari

Nimeamka na jibu. Mkaguzi haji kwa kuharibika kitu. Mkaguzi huja kwa malalamiko! Nimeandika barua kulalamikia jengo langu mwenyewe. Nimesema msimamizi ni mzembe, mlevi wa usingizi, na chumba cha mabomba kinatisha. Nimeomba aletwe mkaguzi mwanamke mwenye uzoefu, Ijumaa saa nne asubuhi, si vinginevyo. Nikasaini: Mpangaji Mwenye Hofu. Nikaitia mwenyewe kwenye sanduku la kampuni, shingo imefungwa skafu mpaka puani.

Bibi Hrynchuk wa chumba namba 204 alinifuma nikiiandika. Ana miaka themanini na moja na macho ya kipanga. Akaniuliza huyo mlevi wa usingizi ni nani. Ikabidi nimweleze yote. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe Wendell mwanangu, una akili kweli? Mwanamke hatafutwi kwa mabomba! Mpigie simu, mwambie njoo ule. Basi!"

Nikamwambia mambo haya hayaelewi. Mimi na Marlys tuna uhusiano wa kikazi. Siwezi kumwita bila sababu. Akanisonya.

Alhamisi, 16 Januari

Wamepiga simu! Kuna malalamiko mazito dhidi yangu, na mkaguzi atafika kesho saa nne. Nikauliza mkaguzi gani. Wakasema Bi Friesen ameomba mwenyewe kuja. Nimecheza korido nzima ya ghorofa ya pili.

Sasa tatizo. Chumba cha mabomba kinang'aa. Akikikuta hivi, atajua barua ni uongo. Panahitajika dosari. Ndogo, yenye heshima, ya kumfanya akunje uso na kukaa saa nzima. Nimelipata! Kile kidirisha cha chumba cha mabomba nitakiacha wazi kesho asubuhi kwa dakika ishirini. Bomba litaota barafu kidogo juu, atasema chumba kina baridi, nami nitasema karibu ukae, nina chakula cha moto. Nimeshapeleka humo meza ndogo, viti viwili na kitambaa cha maua. Sijawahi kupanga jambo vizuri namna hii.

Ijumaa, 17 Januari

Nywele bado zinachuruzika. Naandika hivyohivyo.

Nilifungua kidirisha saa moja. Nikapanda kwa Bibi Hrynchuk anisaidie perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani. Akasema ninazibana kama mtu anayefunga kamba za viatu, akanifundisha upya, nikafundishika, tukaimba. Kushtuka, saa nne kasoro kumi.

Nikashuka mbio. Bomba lilikuwa jeupe, maji ndani yameganda na kulivimbisha. Nikafunga kidirisha, nikawasha hita, nikaweka perogi mezani, nikachana nywele. Marlys akaingia na kofia ile. Mkononi ana barua yangu.

Akasema, "Wendell, miaka minne nasoma mwandiko wako kwenye daftari lako la vipimo vya kila wiki. Ulidhani sitaujua?" Akatazama kitambaa cha maua. Akavuta kiti, akakaa! Akachukua perogi moja, akaniuliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikafungua mdomo.

Bomba likapasuka.

Maji yale yamelala humo miaka. Ni meusi kama oili chafu na yananuka mtaro. Yalitupiga kichwani sote wawili, yakasomba perogi, kengele ikalia jengo zima. Marlys aliruka akafunga koki kuu kwa mizunguko kumi na miwili, mimi nimesimama na bakuli la krimu ya perogi mkononi. Wapangaji wote nje na mablanketi, zimamoto hao, na Lorne Dyck kule ng'ambo anapiga picha na kupaza sauti: "Karibu kwenye chama cha majengo mabovu, Wendell!"

Baadaye tukakaa kwenye ngazi, tumelowa, weusi, tunangoja zimamoto wamalize. Akasema taratibu kwamba hili si eneo lake. Eneo lake ni upande wa kusini, linaishia kwa Lorne ng'ambo ya barabara. Kila Januari anabadilishana zamu ili aje hapa yeye, na kila Januari anangoja nimwambie kitu chochote kisicho namba. Hata leo, alipoiona barua, alifurahi kama msichana. Akaniuliza tena: "Haya, Wendell. Useme sasa."

Maneno nilikuwa nayo yote. Miaka minne nayapanga.

Nikamwambia kiungio kilichopasuka kina kipenyo cha inchi mbili na nusu.

Akanipangusa tope jeusi shavuni kwa kidole gumba. Akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akanitilia mfukoni mwa shati, akasema anaondoka saa kumi. Akaenda.

Jumapili, 19 Januari

Siku mbili nasugua korido. Wapangaji hawanisemeshi, isipokuwa Bibi Hrynchuk, anayeniuliza kila saa kama nimepiga simu. Namba ya Marlys iko mbele yangu, nimeianika kwenye hita, inasomeka vizuri. Namkumbuka mpaka supu hainipiti kooni. Pale shavuni sijapanawa tangu Ijumaa.

Nimeinua simu mara tisa. Lakini nimwambie nini? Mkaguzi hapigiwi simu bure. Lazima kuwe na jambo.

Jioni hii akili imefunguka! Nimepiga simu Brandon. Si kwake, la hasha. Kwa wenye majengo. Wa tatu amesema ana jengo la ghorofa nne linalotafuta msimamizi. Nikamuuliza hali ya vinyunyizio. Akasita, akaomba radhi, akakiri ni vibovu kabisa, vimefeli ukaguzi mara tano mfululizo.

Nimemwambia naanza Jumatatu ijayo, na kabla sijafika asiguse kitu.