Mkaguzi wa Bima Alipokuja Kuona Chesisi Yangu

Jamani, leo nimeumbuka mchana kweupe, hapa hapa mtaani kwetu Bakoba, tena kwa kujitakia. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana wao wataongeza chumvi. (Na chumvi haihitajiki, mtaona.)

Mnalijua lori langu la ndizi. Wiki tatu zilizopita nimeliegesha kule Muleba, pembeni ya barabara, tunapakia mikungu. Mara lori la dagaa likakatika breki kwenye mteremko, likaja likanigonga ubavuni kwa nyuma. Puu! Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Kilichoumia ni chesisi, ile mihimili miwili mirefu ya chuma ambayo gari zima limeikalia. Ilipinda. Tangu siku hiyo, ukiliendesha linakwenda kama mbwa anavyokimbia, kichwa huku, kiuno kule.

Nashukuru nina bima kubwa. Ripoti ya polisi nimepeleka, picha nimepeleka, fomu nimejaza mpaka mkono ukauma. Kilichobaki ni mkaguzi wa bima aje gerejini aamue jambo moja tu: chesisi ibadilishwe, au inyooshwe kwa moto na nyundo. Ikinyooshwa, fundi wangu Kamugisha ameniapia haitamaliza miezi miwili na mzigo. Na mimi sina duka, sina mshahara, sina kitu kingine. Bila chesisi mpya, lile lori ni banda la kuku.

Asubuhi, mke wangu akanisimamisha mlangoni.

"Baba Koku, leo nakuomba. Ukiulizwa lori likoje, sema limeharibika. Kisha unyamaze."

"Kwani mimi mtoto?"

"Wewe Mhaya, kujisifu hakukupiti, na lile ni gari lako. Ndiyo maana naogopa."

Nikacheka. Nikavaa shati jeupe, la kumpokelea mgeni, nikaondoka.

Mkaguzi akafika saa nne. Dada mmoja kutoka Mwanza, mpole, ana daftari na futi ya kupimia. Hakutaka hata soda. Akavaa ovaroli, akaingia chini ya lori, akapima, akatoka na vumbi puani.

"Vipimo vimetofautiana," akasema, "lakini kidogo. Kwa gari la zamani inaweza kuwa kawaida. Baba, hili gari lako ni la zamani sana, eti?"

Swali la kawaida kabisa. Ila ameliuliza kwa sauti, na pale nje ya gereji wanakaa wauza ndizi ambao mimi ndiye ninayewaletea mzigo, na vijana wa bodaboda wanaoniita tajiri. La zamani? Langu? Mawe, mama yangu!

"Dada," nikasema, "usiseme hivyo, nakuomba waitu. Hili halizeeki! Hili linapanda vilima vya Muleba limejaa mikungu mpaka juu na mimi nimekaa napiga mluzi. Kagera nzima mlitafute la kufanana nalo, mtachoka!"

"Kumbe! Na siku ya ajali?"

"Siku ya ajali lililovutwa na winchi ni lile la dagaa! Mimi nimepiga stati mara moja, likaitika!"

"Kwa hiyo halikutikisika?"

"Litikisike na nini? Dagaa?"

Wauza ndizi wakacheka, na mimi nikanogewa. (Mtu akinogewa hasikii.) Kamugisha akakohoa. Akakohoa tena. Akanikanyaga mguu, nikamwambia aangalie anapokanyaga.

Dada akaandika, akaandika, akageuza ukurasa, akaandika. Kisha akainua macho. "Basi vizuri, baba. Chesisi itanyooshwa tu. Hakuna haja ya kubadilisha."

Jamani! Nikaiwahi kalamu yake.

"Hapana, dada! Limeharibika! Limeharibika vibaya sana! Hili sasa ni marehemu!"

"Baba, ni marehemu au haliwezi hata kutikisika?"

Kamugisha ndiye aliyeniokoa. Akamwambia, kwa heshima zote, kwamba chesisi hii huwezi kuijua ikiwa imesimama, sharti uione inatembea. Dada akakubali. "Haya, baba. Liendeshe taratibu mpaka getini. Nitasimama nyuma nione linavyokwenda."

Bahati iliyoje! Kazi yangu ilikuwa kukaa tu na kuliacha lori lipinde lenyewe. Hata mtoto wa chekechea angeweza. Nikapanda, nikawasha, nikaanza kusogea, nalo likaanza kuvuta kulia.

Lakini watu walikuwa wameshajaa. Wauza ndizi wamesimama, simu ziko juu zinarekodi. Na bodaboda mmoja, Mungu anamwona, akapiga kelele: "Tajiri leo usukani umemshinda!"

Umemshinda nani? Miaka kumi na sita barabarani!

Nikaushika ule usukani kwa mikono miwili, nikauvuta kushoto kwa nguvu zangu zote. Meno nimeuma, shati limelowa, shingo imesimama mishipa. Na lori likanyooka! Likaenda moja kwa moja! Wauza ndizi wakapiga vigelegele, na mimi (nisameheni) nikawapigia honi.

Kwenye kioo nikamwona dada anafunga daftari.

Kamugisha alikuwa anakimbia pembeni ya mlango amejishika kichwa, ananiita kwa jina. "Ta Rwiza! Achia usukani! Unatuulia chesisi! Achia!"

Ndipo akili ikarudi. Nikaachia. Mikono yote miwili, kwa mpigo.

Lori likageuka kulia lenyewe, kwa furaha, kana kwamba lilikuwa linasubiri ruhusa. Na kulia, ndugu zangu, kuna choo cha gereji. Ni mabati manne na mlango wa mbao, basi. Nikakanyaga breki, zikashika, lakini bampa ilikuwa imeshagusa. Imegusa kidogo tu! Bati la kwanza likalala. La pili likafuata. La tatu likayumba, tukadhani litapona, nalo likalala juu ya wenzake.

Na katikati pale akabaki amesimama Mzee Twaha, mwenye gereji. Huyu ni mzee ambaye Bakoba nzima ikimpita inapunguza sauti. Alikuwa wima, kanzu imeshuka vizuri mpaka chini (namshukuru Mungu kwa hilo mpaka nife), kopo la maji mkononi.

Hata vigelegele vilikata. Nikateremsha kioo, maana sikujua la kufanya, nikasema neno pekee lililonijia.

"Shikamoo, mzee."

Akalitazama lori. Akanitazama mimi. "Marahaba," akasema. "Nilikuwa nimeshamaliza. Ungebisha hodi tu."

Wee! Gereji nzima ilianguka chini. Bodaboda walilala juu ya pikipiki zao. Mama mmoja alicheka mpaka kilemba kikafunguka. Yule dada mpole, mkaguzi wa watu, alikaa juu ya tairi bovu anafuta machozi kwa mkono wa ovaroli. Mimi nilibaki ndani ya kebini nikijifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Alipotulia, akafungua daftari upya. Akaandika polepole, huku mabega bado yanamtikisika, kisha akaniletea nisome nitie sahihi. Ilikuwa imeandikwa: "Mmiliki alipoachia usukani, gari lilielekea kulia lenyewe na kuangusha choo. Chesisi imepinda. Ibadilishwe."

IBADILISHWE! Niliruka! Nilimkumbatia Kamugisha mpaka grisi yake yote ikahamia kwenye shati jeupe. Chesisi mpya, jamani! Nilitaka kumkumbatia na Mzee Twaha, lakini nikaona bado ameshika kopo.

"Na choo, dada?" nikauliza. "Bima hailipi?"

"Hiyo ni ajali nyingine, baba. Unaanza upya. Unakwenda polisi kuandikisha, unaleta picha, halafu nakuja kukagua."

Nikajiona nimesimama kaunta ya polisi, namweleza afande kwamba nimegonga choo, na kwamba ndani yake kulikuwa na mzee. Nikasema hapana, dada, hilo nitamalizana na mzee mwenyewe.

Tumemalizana. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa pale na nyundo, misumari na mabati mapya, na Mzee Twaha amesema ataleta kiti akae asimamie. Mtakaopita njia ile nawaomba, nisalimieni kama fundi yeyote mnayemkuta kazini, na kicheko mkianze mkishafika mbali, kule Kagondo.