Mama Mkwe Kanikuta Chali, Mguu Juu

Jamani, leo nimeaibika mpaka aibu yenyewe imeniishia. Naandika harakaharaka, mkiona herufi zimekosewa mnivumilie.

Mnaonijua mnaujua mgongo wangu. Mwaka wa nne huu. Ulianza siku niliyobeba gunia la kahawa peke yangu ili watu waone (waliona), na tangu hapo kiuno kikiamua kukakamaa kinakakamaa. Shida ni kwamba hakijavimba, hakina jeraha, hakina bandeji. Ukinitazama unaona mwanaume mzima mwenye mashavu yake.

Mke wangu, Mama Hilda, alivumilia sana. Ila mwaka huu ulipofika msimu wa ngoro, yale mashimo yetu ya kupandia maharage huku milimani, mimi ndiye nilitakiwa kufyeka majani na kuyapanga, yeye ayafukie kwa udongo. Ndivyo Wamatengo tunavyogawana. Nikasema mgongo. Akafyeka yeye, akapanga yeye, akafukia yeye. Na yeye ni mtoto wa ziwani, kwao Ngumbo wanalima mihogo na kuanika samaki, ngoro kaziona kwangu! Alipomaliza shamba akanawa miguu, akamchukua Hilda, akaniambia, "Mgongo gani huu unaouma shambani, kilabuni hauumi?" Akapanda gari akaenda kwao.

(Kilabuni kuna benchi lenye egemeo. Sikupata nafasi ya kueleza.)

Hii ni wiki ya tatu. Wakwe wakatuma ujumbe: mama mkwe atakuja Jumamosi kumwona mgonjwa kwa macho yake. Akiridhika kuwa naumwa, binti anarudi. Akiona ni uvivu, tutaitiana wazee. Jumamosi, walisema wenyewe. Leo ni Alhamisi!

Sasa njooni kwenye mazoezi. Dada wa mazoezi pale hospitali alinipa karatasi: lala kifudifudi, viwiko chini, nyanyua kifua, kumi asubuhi, kumi jioni. Rafiki yangu Otmari, dereva wa bodaboda mwenye mgongo mbovu vilevile, hospitali nyingine walimpa kinyume kabisa: lala chali, kunja magoti mpaka kifuani, halafu pitisha kitambaa kwenye unyayo uvute mguu juu. Tumebishana miezi! Mimi kifudifudi, yeye chali. Kilabu kizima kimegawanyika, kuna mzee hata mgongo haumuumi lakini yuko upande wa chali. Mimi nimeitetea karatasi yangu mpaka mate yakakauka.

Leo asubuhi nikaamua kuumaliza ubishi. Nafanya yote mawili, nalinganisha, na Jumamosi mama mkwe atakuta mgonjwa anayejitibu. Nikatandika mkeka sebuleni, nikavua shati, nikabaki na bukta. (Ile ya bluu. Yenye dirisha nyuma.) Simu nikaiegemeza kwenye debe la mahindi, nikampigia Otmari kwa video awe shahidi. Mlango nikauacha wazi ili mwanga uingie.

Kifudifudi nikapiga kumi. Raha! Nikamzomea Otmari kidogo. Nikageuka chali. Kitambaa sina. Kwenye kamba palikuwa na kitenge cha Mama Hilda, kile kipya cha njano, nikakichukua, nikapitisha kwenye unyayo, nikafunga na fundo kisiteleze. Nikavuta.

"Vuta zaidi!" Otmari anapiga kelele kwenye simu. "Unaogopa nini?"

Mimi niogope? Nikavuta zaidi. Kiunoni kitu kikalia, ka! Yesu wangu! Mguu haushuki, haupandi. Hata pumzi nilikuwa naiomba ruhusa.

Hapohapo nje nikasikia, "Hodi!"

Sauti naijua. Nikamwomba Mungu niwe nimekosea.

"Hodi wenyewe!" Likaingia sweta la kijivu, ikaingia ndoo ya usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani. Mama mkwe! Kumbe kapata lifti ya lori la samaki, kaja siku mbili kabla.

Mjue kwamba mimi na mama mkwe hatujawahi kula meza moja. Nikikutana naye njiani nashuka pembeni apite. Akija hapa navaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, namsalimia nimechuchumaa. Leo kanikuta kifua wazi, chali, mguu mmoja hewani, umefungwa kitenge alichomnunulia mwanawe Krismasi kwa mkono wake mwenyewe.

Ndoo ikamponyoka, usipa ukamwagika sebule nzima. Akageuka upesi, akanipa mgongo. Nikajua anaondoka. Hakuondoka! Akakaa kwenye kigoda cha mlangoni, anatazama uani, anasubiri. Ikanichukua muda kuelewa kwamba anasubiri salamu.

"Shikamoo mama," nikasema, mguu juu.

"Marahaba, baba. Habari za hapa?"

"Nzuri mama. Za safari?"

"Salama. Za kazi?"

Za kazi! "Nzuri mama," nikasema. (Ningesema nini?)

"Mahindi yanaendeleaje?"

"Yanaendelea, mama. Baba hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Salamu za wakwe haziruki hatua. Tukapita kwa mashangazi, tukapita kwa mbuzi, tukapita kwa mvua ya ziwani na mvua ya huku. Mguu unatetemeka. Otmari kwenye simu kanyamaza kabisa (msaliti yule), anasikiliza kila neno.

Mwisho mama mkwe akasema kwa upole, macho yake kule uani, "Sasa baba, sisi tuliambiwa unaumwa mgongo. Kumbe unacheza sarakasi."

Nikamwona Mama Hilda wangu ndiyo basi tena, harudi. "Mama, nimenasa! Haya ni mazoezi ya hospitali!"

"Ushushe basi huo mguu."

Nikajaribu. Yowe lililonitoka sijawahi kulisikia kwa mtu mzima. Akina mama wa jumuiya waliokuwa wanapita kwenda kupalilia wakaingia wote saba, na majembe yao. Mama mkwe akavua kanga yake begani, akairusha kinyumenyume bila kugeuka ili anisitiri. Ikatua usoni. Usoni! Bukta ikabaki inapokea wageni.

Otmari akafika na pikipiki mbio. "Mgeuzeni kifudifudi haraka!" Nyie! Otmari huyuhuyu, mwenyekiti wa chali!

"Asiguswe," mama mkwe akasema. "Aliyempa haya mazoezi yuko wapi?"

Otmari akachukua simu yangu, akampigia dada wa mazoezi, akaweka spika, akamweleza nilivyonasa na kitenge. Yule dada hakushtuka hata kidogo. "Avute pumzi. Akunje goti taratibu. Mmoja aushikilie mguu, mwingine afungue hicho kitenge." Ukashuka. Nililia, sifichi.

Mama mkwe akapaza sauti kuelekea kwenye simu, "Mwanangu, huyu mgongo unamuuma kweli?"

"Unamuuma kweli, mama. Nimempima mwenyewe. Si uongo."

Jamani! Nilitaka kuimba. Miaka minne, leo nimeaminiwa mbele ya wanawake saba wenye majembe!

"Na hayo mazoezi, ya kifudifudi na ya chali, yapi ndiyo yenyewe?"

"Kwa mgongo wa siku nyingi kama wake yanakaribiana, mama. Mmoja yanamfaa haya, mwingine yale. Kinacholeta nafuu ni kufanya kila siku, atembee, na kazi airudie kidogokidogo. Mimi nilimpa ya wiki sita. Baba Hilda, uko wiki ya ngapi?"

Kanga bado iko usoni, nikaishukuru.

"Baba Hilda?"

"Leo," nikasema.

"Leo nini?"

"Leo ndiyo nimeanza."

Otmari akaruka. "Sasa miezi yote ile ulikuwa unabishana nini?" Akina mama wakaangua kicheko, mmoja akaegemea mpini wa jembe asianguke. Nikamuuliza Otmari yeye ya kwake kafanya wiki ngapi. Akakumbuka kuna abiria anamsubiri.

Mama mkwe akampigia binti yake palepale, nasikia. "Mwanangu, mgongo unamuuma kweli, Mungu shahidi. Na uvivu nao anao kweli. Utarudi akimaliza wiki zake sita. Mimi nakaa hapa, namhesabia."

Sasa ni saa tisa mchana. Nimevaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, niko kifudifudi, naandika haya kwenye mapumziko. Mama mkwe yuko kwenye kigoda chake, kanipa mgongo, anapepeta usipa uliomwagika na anahesabu. Nilipofika nane kanirudisha tano, anasema kasikia kwamba sikunyanyuka vizuri.

Wengine msicheke, mkinichekesha kiuno kinakamata. Mama Hilda, najua unasoma humu. Zimebaki siku arobaini na moja, na majani ya ngoro za mwakani nafyeka mimi.