Siku Mwenyekiti Alipotolewa Kitini

Kwiiiii!

Ndivyo ilivyolia sauti ile, enyi mliokaa na enyi mliosimama, kabla ya mtu yeyote kuonekana. Ilipasua ukuta wa mbao kama mkuki, ikaruka juu ya mizani ya kupimia watoto, ikamchoma sikio mtoto mchanga aliyekuwa amelala kifuani pa mama yake. Naye mtoto akajibu kwa nguvu zake zote: "Nyaaa!"

"Basi tena," akasema Binti Saa, akaishusha saa yake kama askari ashushaye upanga uliovunjika. "Mama, tumbembeleze upya."

Sogeeni basi. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana zinakuja habari za binti huyu, simba jike wa chumba cha vipimo, aliyepigana na kiti kilichoogopwa na madaktari wazima, akakishinda akiwa amepiga magoti.

Wenzake walimwita Binti Saa kwa sababu ya saa kubwa iliyoning'inia shingoni mwake. Alikuwa mwanafunzi katika programu ya kuwalea watafiti wa afya ya watoto, na utafiti wake ulikuwa huu: kuhesabu pumzi za mtoto aliyelala, dakika nzima bila kukatizwa, ili ugonjwa wa kifua ujulikane mapema. Mtoto akishtuka, hesabu imekufa, inaanza upya.

Na upande wa pili wa ukuta, ole wake, kilikuwa chumba cha bodi. Huko alikaa Mwenyekiti, mlima wa hekima, bahari ya busara, juu ya kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilisahau ladha ya mafuta zamani sana. Mwenyekiti alipofikiri alijizungusha. Na alikuwa mtu wa fikra nyingi.

Siku hiyo bodi ilikuwa inaamua hatima ya utafiti wa binti. Hesabu nyingi zilikatika katikati, na neno "uzembe" lilikuwa limeshatamkwa. Likipitishwa, utafiti unafungwa, naye anarudi kunakili takwimu za watu wengine.

"Mama, mwambie Mwenyekiti wewe," Binti Saa alimsihi mlezi wake, daktari wa watoto aliyemwongoza tangu aingie kwenye programu. "Wewe ni rika lake."

"Nimwambie nini? Kwamba analia kwii?" Mama Mlezi akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mwanangu, nikikusemea leo, kesho utamtuma nani? Katiba ya programu umeisoma?"

"Jalada nimelisoma."

"Fungua ndani. Soma kifungu cha mwenyekiti, kisha uje tuikabili bodi."

Binti akasoma papo hapo, amesimama, na macho yake yakawaka kama taa mbili. Kisha akamgeukia mama wa mtoto, akainama kwa adabu.

"Dada yangu, una mafuta ya mtoto?"

"Ninayo. Unataka kumpaka nani?"

"Mzee mmoja hivi, upande wa pili."

"Huyo anayelia kwii?" Mama akafungua mkoba haraka. "Mpake sana!"

Hivyo akaingia, kichupa mkononi, mlezi wake nyuma. Wajumbe walikuwa wamejipanga kuizunguka meza kama majemadari wanaozingira ngome, ingawa mmoja wao alikuwa anasinzia.

"Binti," akanguruma Mwenyekiti, akijizungusha, kwiii, "hesabu zako zina matundu. Matundu, binti! Una la kujitetea?"

 Binti akamtazama mlezi wake. Mlezi akatazama dari. Hapo akajua hakuna wa kumwokoa.

"Waheshimiwa wajumbe! Kifungu kinasema jambo lolote linalomhusu mwenyekiti halitajadiliwa akiwa kitini. Nina jambo linalomhusu. Kwa heshima zote, Baba, naomba utoke kitini."

Aliyekuwa anasinzia akaamka. Kalamu ikaanguka.

"Unanipindua?" akauliza Mwenyekiti.

"Katiba ndiyo inayokuinua, Baba. Uliisaini mwenyewe."

Walioandika kifungu kile walikuwa wakifikiria upendeleo na ulaji. Hakuna aliyekumbuka gurudumu. Lakini sheria ni sheria. Mwenyekiti akasimama polepole, akajiweka kando, mikono nyuma, kama mfalme aliyeporwa taji sokoni.

"Sema basi. Nimekosa nini?"

"Wewe hujakosa, Baba. Ni kiti."

Akakishika mgongoni, akakizungusha mara moja. Kwiiiii! Na kutoka ng'ambo ya ukuta, bila kuchelewa, ushahidi ukajitoa wenyewe: "Nyaaa!"

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akautazama ukuta, kisha kiti, kisha viatu vyake.

"Miaka yote hii," akasema kwa sauti ndogo, "mbona hamkuniambia?"

"Wewe ulitufundisha kuuliza maswali," akajibu Mama Mlezi. "Hukutufundisha kukuuliza wewe."

Binti akapiga magoti, akamimina tone. Akakizungusha tena kiti, na kiti, jeuri wa majeuri, kikanyamaza. Ndipo bodi nzima ikanyata hadi mlangoni pa chumba cha vipimo, wakabanana kama wezi wa maandazi, huku mama akimbembeleza mwanawe mpaka kope zikashuka. Binti Saa akainua saa. Tumbo dogo likapanda, likashuka. Nyuma yake mjumbe mmoja alibana chafya mpaka akatoa machozi. Na dakika ikafika mwisho wake, nzima, bila ufa.

Kimya kimetanda pote, gurudumu limetii,
Amezihesabu zote, na mtoto hasikii,
Tangazeni kotekote, kiti leo hakilii,
Tone moja, kazi yote, ni ushindi wa bidii!

"Utafiti uendelee?" Mama Mlezi akauliza kwa midomo tu. Mikono ikapanda yote, kimya, na kura ya namna hiyo haijawahi kupigwa tangu programu ianzishwe. Binti Saa akaufuta uso kwa kiganja, na mlezi wake, aliyekuwa amekataa katakata kumsemea, akampigapiga begani mara mbili.

Wajumbe walipoanza kurudi, Mwenyekiti peke yake hakuondoka mlangoni. Akaingia kwa ncha za vidole, akamwinamia mtoto.

"Ndiye huyu Babu Kwii?" mama akanong'ona.

"Ndiye mimi," akakiri mlima wa hekima. Akaweka mkono kifuani, akamwambia mtoto aliyelala, kwa sauti ambayo bodi yote iliisikia: "Mjukuu wangu, nakuahidi: kuanzia leo, nikitaka kufikiri, nitasimama."